Simu ilimletea binti yangu rafiki, kisha ikamletea adui

Mpenzi msomaji, wahenga walinena kwamba ndege wa manyoya sawa huruka pamoja. Hawakukosea. Lakini kuna jambo moja ambalo hawakutueleza: ni nani huwakutanisha ndege hao kabla hawajaruka? Zamani alikuwa jirani, shangazi, mwalimu au mshenga. Siku hizi, mara nyingi, ni simu iliyo mfukoni mwako. Nataka nikusimulie yaliyoipata nyumba yangu kwa sababu ya simu hiyo. Sina nia ya kukutisha. Nataka tu ukimaliza kusoma umwite mwanao, ukae naye chini, umuulize swali moja ambalo mimi niliulizwa nikiwa msichana, nikalisahau nilipokuwa mama.

Mimi ni mzaliwa wa Sultan Hamud. Kama umewahi kusafiri kwa barabara kutoka Nairobi kwenda Mombasa, basi umepita kwetu hata kama hukushuka. Ni mji mdogo wa Kaunti ya Makueni, kama kilomita 110 hivi kutoka Nairobi. Wazee husimulia kwamba jina hilo lilitokana na Sultani Hamud bin Mohammed wa Zanzibar, aliyetawala kuanzia 1896 hadi 1902, ambaye alifika pale kuitazama reli ilipokuwa ikijengwa. Alitazama, akarudi kwao, jina likabaki. Kwa hivyo tangu mwanzo mji wetu ni wa wapita njia. Malori ya kwenda Kampala na ya kurudi Mombasa hulala hapo. Wamaasai wa upande wa Kajiado na Wakamba wa upande wetu hukutana hapo siku ya soko, wakauziana na kuagana. Mtoto wa Sultan Hamud huona watu wengi kila siku, lakini wanaobaki jua likitua ni walewale wachache.

Upweke wa namna hiyo niliujua vizuri. Mwaka wa 1993, nikiwa kidato cha tatu, nilipenda mno kusoma riwaya, na hapakuwa na mtu wa kuzungumza naye habari hizo. Basi nikafanya kama vijana wengi wa wakati ule: nikapeleka jina langu kwenye ukurasa wa marafiki wa kalamu gazetini. Enyi vijana mnaosoma, pengine hamkuwahi kuuona ukurasa huo. Kila mtu aliandika jina, umri, sanduku la posta na mambo ayapendayo: kusoma riwaya, kusikiliza redio, kubadilishana picha na stempu. Mwenye kupenda uliyoyapenda alikuandikia. Hapakuwa na kompyuta. Macho yako ndiyo yaliyopita juu ya majina yale, kidole kikashuka polepole, moyo ukasema, "Huyu!"

Katika wiki mbili nilipata barua saba. Moja ilitoka kwa msichana wa Tanga ambaye alikuwa amesoma vitabu vilevile nilivyosoma mimi. Tuliandikiana miaka sita. Nyingine ilitoka kwa mtu aliyejiita mwanafunzi wa kidato cha nne, lakini mwandiko wake ulikuwa wa mtu mzima, na maswali yake hayakuhusu riwaya hata chembe. Aliuliza nalala wapi, na kama naweza kufika Nairobi peke yangu. Mama yangu aliisoma barua hiyo akiwa amesimama mlangoni, akanigeukia, akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Ni nani anayemjua huyu?"

Nikakosa jibu. Barua ikaenda motoni chini ya sufuria ya maharagwe. Ile ya Tanga mama aliirudisha mkononi mwangu, akasema, "Huyu muulize anasoma shule gani na mwalimu wake ni nani, kisha umjibu." Hilo ndilo swali lenyewe, msomaji. Sasa tuendelee.

Binti yangu alipatikana na ugonjwa wa kisukari mwaka wa 2019, akiwa na umri wa miaka 13. Si ule kisukari wa watu wazima ambao wengi tunaujua. Ni ule wa aina ya kwanza, ambao kongosho huacha kutengeneza insulini, na mgonjwa hana budi kujidunga sindano kila siku ya maisha yake. Kabla insulini haijagunduliwa mjini Toronto, Kanada, mwaka wa 1921, mtoto mwenye ugonjwa huo hakuwa na maisha marefu. Leo anaishi, anasoma, anaolewa, bora tu apate dawa yake. Lakini katika shule nzima alikuwa peke yake. Katika ukoo mzima alikuwa peke yake. Watoto wenzake walimwona akijidunga tumboni wakanong'ona. Mtu mzima mmoja aliwahi kuniuliza kama nilimlisha sukari nyingi mno.

Alipomaliza mtihani wa kidato cha nne mwishoni mwa 2023, nilimnunulia simu ya kisasa kama nilivyomwahidi, nikampeleka Sultan Hamud akakae na mama yangu hadi wakati wa kujiunga na chuo. Susu, kama sisi Wakamba tunavyomwita nyanya, alifurahi kupata mtu wa kumsaidia kuteka maji. Taabu ilikuwa moja tu: nyumbani kwa Susu hakuna jokofu, na joto la kwetu mwezi wa Januari halina mzaha. Insulini haipendi joto.

Basi binti yangu akaanza kutafuta katika simu jinsi watu wasio na jokofu wanavyohifadhi insulini. Alitazama picha moja ya video, ya pili, ya tatu. Siku iliyofuata simu yenyewe ikamwambia, bila yeye kuuliza, kwamba huenda angependa kumfuata msichana fulani. Alikuwa wa Morogoro, Tanzania, rika lake, mwenye ugonjwa uleule, naye alikuwa akionyesha jinsi anavyotumia vyungu viwili vya udongo, kimoja ndani ya kingine, katikati mchanga uliolowa maji, ili dawa ikae kwenye ubaridi. Jioni hiyo binti yangu alinipigia simu. Sijawahi kumsikia akiwa na sauti ile.

"Mama, nimepata mwenzangu!"

"Mwenzako wa nini?"

"Mwenzangu wa sindano."

Hebu tusimame hapa kidogo, msomaji, tuulize: simu ilijuaje?

Hapana uchawi. Chukulia kwamba wewe unanunua katika duka moja pale mjini. Kila wiki unachukua ndengu, unga, sabuni ya kipande na betri za redio. Mwenye duka, ambaye ana kumbukumbu nzuri, ameona kwamba kuna mteja mwingine, humjui, anayenunua vitu hivyohivyo. Wiki hii mteja huyo amenunua taa ya jua. Ukija, mwenye duka anakuambia, "Jamani, chukua na taa hii, utaipenda." Hakuijua nia yako. Ameona tu kwamba nyayo zako na za mwenzako zinapita njia moja. Sasa fikiri duka lenye wateja mamilioni, na mwenye duka asiyesahau hata mara moja ulipotua macho na ulikaa muda gani. Mwenye duka huyo ndiye mashine. Na badala ya kukupa taa, anaweza kukupa yule mteja mwenyewe.

Elimu hii si ngeni. Mwaka wa 1994, mimi nikiwa bado naandikia Tanga, wataalamu nchini Marekani walitoa mpango ulioitwa GroupLens, uliowasaidia wasomaji wa habari za kwenye kompyuta kwa kuangalia maoni ya wasomaji wengine waliofanana nao. Wakati uo huo, katika chuo cha MIT, Upendra Shardanand na Pattie Maes walitengeneza mwingine ulioitwa Ringo, ambao ulikutaka useme unawapenda wanamuziki gani, kisha ukakutafutia watu wa ladha yako na kukuambia wanasikiliza nini kingine. Mwaka wa 2008 mtandao wa Facebook ukaanza kuwaonyesha watu orodha ya "watu ambao huenda unawajua". Kutoka hapo mambo yakaenea hata yakafika chini ya mti wa mwarobaini wa Susu.

Ninakiri kwamba mashine hapo ilifanya kazi ambayo kijiji kizima hakikuweza. Mwenye jambo la nadra hapati mwenzake kwa kutazama nje ya dirisha. Kijiji ni kizuri kwa mambo ambayo watu wengi wanayo. Kwa jambo alilo nalo mtu mmoja katika maelfu, unahitaji duka kubwa.

Lakini mimi sikuyaona hayo siku ile. Nilikuwa Nairobi, ofisini, bosi amesimama mbele yangu, na kichwani mwangu ikaja ile barua ya 1993. Badala ya kumuuliza binti yangu swali la mama yangu, nilifoka. "Watu wa kwenye simu si watu! Wafute wote, usinisumbue na upuuzi!" Nikakata simu. Lo! Laiti ningalijua.

Susu hakufoka. Yeye alimaliza kupepeta ndengu zake, akamwita mjukuu wake, akamuuliza mambo mawili. La kwanza lilikuwa hili: "Huyo msichana naye ameambiwa juu yako, au ni wewe tu uliyeambiwa juu yake?"

Swali hilo, msomaji, limewashughulisha maprofesa. Taa ya jua haina hiari, ukiipenda, umeinunua. Mtu ana hiari. Hata nikikupenda namna gani, kama wewe hunitaki, aliyetukutanisha amefanya kazi bure. Mwaka wa 1962 wanahisabati wawili, David Gale na Lloyd Shapley, waliandika jinsi ya kuwalinganisha watu wa pande mbili ili pasiwe na wawili ambao wangependelea kuwaacha wenzao na kuchukuana. Shapley, pamoja na Alvin Roth aliyeitumia elimu hiyo katika kupanga madaktari, wanafunzi na watu wanaotoa figo, walipata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka wa 2012. Hapa kwetu kila mzazi ameonja ulinganishaji wa pande mbili kupitia KUCCPS, shirika lililowekwa na sheria ya vyuo vikuu ya mwaka wa 2012 kuchukua kazi ya ile bodi ya zamani ya JAB. Mwanafunzi anaichagua kozi, na kozi nayo, kwa alama zake na nafasi zake, inamchagua mwanafunzi. Upande mmoja ukikataa, hakuna mahari.

Mashine nyingi za simu hazikuanza na swali la Susu. Zilimtendea mtu kama taa. Binti ya dada yangu, aliyekuja kututembelea, aliweka programu ya kutafuta marafiki, ikamwambia usiku kwamba kuna kijana anayependa mambo yake yuko kilomita moja tu kutoka hapo. Asubuhi kijana huyo alikuwa Mariakani! Alikuwa utingo wa lori, amelala kwetu saa sita tu. Kwa mashine, "karibu" ni kipimo cha kilomita. Kwa mtu wa Sultan Hamud, aliye karibu ni yule atakayekuwapo kesho. Tulicheka sana.

Swali la pili la Susu lilikuwa fupi zaidi. "Msichana huyo ana mama?"

"Ndiyo, Susu, anaye."

"Basi nipigie mama yake."

Na ikawa hivyo. Mwanamke wa Makueni na mwanamke wa Morogoro, ambao hawajawahi kuonana, walizungumza karibu saa nzima, Kiswahili cha bara na cha huko kwao, juu ya vyungu, bei ya sindano, na hofu ya kuamka usiku kusikiliza kama mtoto anapumua. Simu ilipokatwa, Susu alisema, "Hao ni watu." Kuanzia siku hiyo wasichana wakawa marafiki wa kweli. Mimi huku Nairobi sikuambiwa lolote. Nani angeniambia, nami nilikuwa nimeshafoka?

Sasa nafika mahali ambapo kalamu yangu inakuwa nzito.

Mashine haikupumzika baada ya kuleta rafiki. Iliendelea kuhesabu. Iliona binti huyu anatazama mambo ya kisukari, anakaa muda mrefu kwenye habari za watu walioishi na ugonjwa huo, anarudia zile zenye matumaini. Mnamo Machi 2024 ikamwonyesha mtu mwingine. Huyu alikuwa kijana mtanashati aliyesema kwamba alijidunga insulini miaka tisa, kisha akapata dawa ya mitishamba, akapona kabisa, akatupa sindano. Chini ya video yake watu wengi walikuwa wakishukuru. Binti yangu alitazama moja hadi mwisho. Siku ya pili akaletewa kumi.

Yule kijana naye alimwandikia. Alimwita "dada yangu katika mapambano". Alimwambia madaktari hawapendi watu wapone kwa sababu watakosa wateja. Kisha akamwambia jambo ambalo, kama mimi ningalikuwa mama wa kuambiwa mambo, lingenifanya nipande matatu saa ileile: "Usiwaambie nyumbani, watakukatisha tamaa." Binti yangu alituma shilingi 4,500 kwa M-Pesa, pesa alizoweka akiba tangu Krismasi, akaletewa chupa mbili za maji ya kahawia kwa basi. Hakumwambia rafiki yake wa Morogoro, kwa aibu. Hakumwambia Susu, kwa kuwa aliona Susu angetaka kuzungumza na mama wa kijana huyo.

Ijumaa moja akaacha sindano. Jumamosi alikunywa maji ndoo nzima. Jumapili alitapika, akapumua mbio kama aliyepanda mlima, na pumzi yake ikawa na harufu ya matunda yaliyoiva kupita kiasi. Susu alidhani ni malaria. Jirani mmoja, Mungu ambariki, alikuwa amewahi kufanya kazi zahanati. Alinusa harufu ile, akapiga kelele watafute gari. Wakampakia kwenye Probox hadi hospitali. Mimi nilifika saa nane za usiku, viatu vya miguu miwili tofauti.

Daktari alinieleza kwamba mwili usio na insulini hauwezi kutumia sukari iliyo ndani ya damu, kwa hiyo huanza kuchoma mafuta, na damu ikajaa asidi. Kwa mgonjwa wa aina hii siku chache hutosha. Alisema kama wangengoja mapambazuko, pengine tungezungumza mengine. Binti yangu alilazwa siku tano. Siku ya tatu alipoweza kukaa, nilimuuliza, tena kwa upole, "Mwanangu, mbona hukuniambia?"

Alitazama ukuta. "Ungesema watu wa kwenye simu si watu."

Msomaji, nimewahi kupigwa maishani, lakini sijawahi kupigwa namna ile.

Tangu siku hiyo nimejifunza mengi juu ya mashine hizi, kwa sababu nilitaka kumjua adui yangu. Nililolikuta lilinishangaza: kwa hesabu zake yenyewe, mashine haikukosea. Ilitafuta watu wenye jambo moja kati yao, ikawapata. Msichana wa Morogoro alikuwa na hamu ya kuongea na wenye kisukari. Muuza maji ya kahawia alikuwa na hamu hiyohiyo. Hata swali la kwanza la Susu lilijibiwa: huyu alitaka kumpata yule, na yule alivutiwa na huyu. Pande zote mbili zilikubali. Rafiki hukutafuta kwa yale unayoyapenda, na mwindaji pia hukutafuta kwa hayohayo. Mvuvi naye hupenda mahali pale pale wanapopenda samaki.

Jambo lingine ni nguvu ya neno "utampenda". Mwaka wa 2014 kampuni ya OkCupid ya Marekani, inayowakutanisha wachumba, ilitangaza yenyewe kwamba iliwahi kuwadanganya wateja wake kwa majaribio. Watu ambao hesabu ilisema wanalingana kwa asilimia 30 waliambiwa wanalingana kwa asilimia 90. Wakaandikiana zaidi kuliko ilivyotarajiwa, kwa sababu tu wameambiwa wanafaana. Hebu tafakari. Kama mtu mzima anayetafuta mke huamini namba, mtoto mgonjwa anayetafuta tumaini ataachaje kuamini?

Ama kwa hakika, kulinganisha ni kazi rahisi. Kudhamini ndiko kugumu. Katika desturi zetu, mshenga anayekuja kabla ya mbuzi wa ntheo kufikishwa hasemi tu kwamba vijana wanapendana. Anaweka uso wake pale. Ndoa ikiharibika, yeye huitwa, hukalishwa kwenye kiti, huulizwa, "Wewe ulimleta mtu huyu, ulimjuaje?" Mashine haina uso wa kukalishwa kitini. Imekuletea mtu, ikahesabu kwamba umebonyeza, ikaenda kwa mwingine.

Nisiwe mwongo nikasema kwamba mambo ya zamani yalikuwa asali tupu. Ule ukurasa wetu wa marafiki wa kalamu haukumdhamini mtu yeyote. Aliyedhamini alikuwa mama yangu pale mlangoni. Na washenga nao walikuwapo walafi na waongo. Wala wataalamu wenyewe hawakuwa vipofu. Katika miaka ya 1990 pale MIT, Leonard Foner alitengeneza mfumo wa kuwakutanisha watu wenye mapenzi ya aina moja, akauita Yenta, jina ambalo huko Marekani wengi hulihusisha na mshenga wa kike. Aliutengeneza ili siri za mtu zibaki kwenye kompyuta yake mwenyewe, na ili watu waweze kutolea ushahidi habari za wenzao: huyu namjua, alilosema ni kweli. Kumbe ilijulikana tangu zamani kwamba mshenga mwema anahitaji mambo mawili, kutunza siri na kupata mashahidi. Mashine zilizotapakaa leo zilichagua biashara nyingine, ya kukushika macho muda mrefu iwezekanavyo.

Je, tufanye nini? Tuwanyang'anye watoto simu? Nilijaribu kulisema hilo pale wodini. Susu ndiye aliyenikataza. "Ukimnyang'anya," alisema, "umemnyang'anya na yule wa Morogoro." Ni kweli. Msichana yule alikuwa akipiga simu kila jioni, analia kuliko hata mimi.

Tulifanya hivi. Kwanza, binti yangu aliketi nami akanionyesha jinsi ya kuiambia mashine "sitaki kuona hii". Tulimfungia yule muuzaji, tukamripoti, tukabonyeza hivyo kwa kila video iliyofanana na zake. Baada ya wiki moja hivi zilipungua sana. Kumbe mashine husikia, bali haisikii ukimya. Pili, tulikubaliana dalili tatu za mwindaji: anataka siri, anataka pesa, au anataka uache jambo ambalo daktari amekuagiza. Moja ikitokea, anaitwa mtu mzima. Tatu, na hili ni langu mimi, niliapa kwamba akiniambia habari ya mtu wa kwenye simu, neno langu la kwanza halitakuwa la kufoka.

Tena tujue haki zetu. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019, na kuna Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data ya kupokea malalamiko. Sheria hiyo inampa mtu haki ya kuelezwa habari zake zinatumiwa vipi, na inataka habari za mtoto zisitumiwe bila idhini ya mzazi au mlezi. Ugonjwa wa mwanao ni habari yake. Kila anapotua macho ni habari yake. Si vibaya kuuliza nani anaziokota.

Binti yangu alipata nafasi ya chuo, anasoma uuguzi. Kozi ilimchagua naye akaichagua. Desemba 2024 rafiki yake alipanda basi na mama yake kutoka Morogoro, wakapitia Arusha na Namanga, hadi Sultan Hamud. Niliwangoja barabarani pamoja na Susu. Msichana mwembamba alishuka, akapiga goti kidogo mbele ya mama yangu, akasema, "Shikamoo, bibi." Susu, ambaye hajazoea salamu hiyo, aliangalia huku na huku, kisha akakumbuka, "Marahaba, mjukuu wangu." Wale wasichana wawili wakatazamana, hawakusema kitu, wakakumbatiana hapo kando ya malori. Usiku walijidunga sindano pamoja, mbele yetu sote, wakicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona mwanangu akijidunga bila kugeukia ukuta.

Kwa hivyo, mpenzi msomaji, siwezi kukuambia kwamba mashine ile ni mbaya. Iliniletea mtoto wa pili, na nusura inipokonye wa kwanza. Leo ni Jumapili. Pengine mwanao yuko hapo sebuleni, ameinama juu ya simu, na sasa hivi anaonyeshwa mtu mpya anayependa mambo anayoyapenda yeye. Usimfokee. Weka gazeti hili chini, sogea karibu naye, umuulize kwa sauti ya chini: ni nani anayemjua huyu?